Mfuko wa Upepo

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tajiri mmoja wa Dar alikuwa akituma kindege chake Kibiti kuchukua kamba wa delta. Kiwanja kilikuwa cha nyasi, upande wa Mtunda, na mlinzi nilikuwa mimi. Kazi yenyewe ilikuwa kufyeka, kufukuza mbuzi, na kuhakikisha mfuko wa kitambaa chekundu unapepea juu ya mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Basi.

Msimu mmoja makundi ya ndege kwelea yaliuvamia mpunga wangu. Mke wangu alishinda juu ya dungu, kile kibanda chetu cha kulindia shamba, akipiga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kindege kilikuwa hakijaja wiki tatu. Nikajiambia, mfuko huu unapepea bure. Nikauteremsha, nikaufunga juu ya dungu. Kwelea wakatimka, nami nikajiona mjanja, mpumbavu mimi.

Jumanne asubuhi nikasikia muungurumo. Nikauchomoa mfuko, nikakimbia nao. Kindege kilizunguka mara mbili juu yangu, kisha kikashuka huku upepo ukikisukuma kwa nyuma. Kilijibamiza chini, kikaruka, kikajibamiza tena. Gurudumu la mbele likakatika, pua ikalima nyasi.

Rubani alikuwa peke yake ndani, namsikia akiugua. Na mimi, kabla ya kumwendea, nilipandisha mfuko kwanza. Kamba ilinikwama, nikahangaika nayo, na mtu bado anaugua. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nilimtoa, nikamlaza kivulini mwa bawa. Akautazama mfuko kwa muda mrefu.

"Mfuko ulikuwepo pale tangu asubuhi?"

"Ulikuwepo, kaka."

"Nimezunguka mara mbili nautafuta. Basi macho yangu yamekwisha."

Tajiri alipofika na gari aliniuliza lile lile, nikamjibu vile vile. Rubani hakubisha hata kidogo. Baadaye nilisikia mgongo wake umepona, lakini kuendesha ndege ameacha, hajiamini tena. Mpunga wa mwaka ule tulivuna vizuri.

Siku ile, walipokuwa wanampandisha garini, alininyooshea mkono.

"Niwie radhi, ndugu yangu. Nimekuharibia kiwanja chako."

Nami nikaushika mkono wake, nikamwambia nimemsamehe.