Dobi Aenda Kambini

Mama Dobi hakuwahi kucheza. Hakulisema hilo kwa kujihurumia. Alilisema kama mtu anavyosema hana magego. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba iliyojaa watoto, na wenzake walipokuwa wakirukia mtoni na kupiga mbizi, yeye alikuwa ukingoni na beseni, anafua nepi za wadogo zake. Akakua, akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali, akaolewa, akazaa, akazika mume, akastaafu. Muda wote huo maji aliyajua kwa mikono tu. Kuna jambo moja ambalo hakumwambia mtu: tangu utoto alitamani kuingia majini mwili mzima, bila sabuni, bila beseni, kuingia kwa ajili ya kuingia tu.

Habari za kambi aliletewa na binti yake mkubwa, mwalimu wa chekechea.

"Mama, ni kambi ya watu wazima. Mnalala kwenye mahema, mnacheza, mnaogelea ziwani, jioni mnaimba."

"Watu wazima na akili zao?"

"Na vitambi vyao, mama."

"Na vyombo nani anaosha?"

"Mama! Nikisikia umeshika hata kijiko, nakuja kukurudisha mwenyewe."

Alikataa, akakataa tena, akasema magoti yanauma, akasema kuku watakufa. Lakini lile neno la kuogelea lilishamwingia na halikutaka kutoka. Akaenda.

Kambi ilikuwa kando ya ziwa: mahema ya turubai, bwalo la bati, na uwanja wa nyasi zilizokatwa vibaya. Mkuu wa kambi waliyemwita Kocha alikuwa askari magereza mstaafu, mnene, filimbi shingoni na kaptula aliyoipandisha mpaka karibu na kwapa. Hemani Mama Dobi aliwekwa pamoja na Msusi, mwanamke wa makamo mwenye saluni yake mjini, ambaye mdomo wake haukupumzika hata usingizini.

Asubuhi ya kwanza Mama Dobi aliamka kabla ya wote, akatoka kunyoosha miguu. Alichokiona kilimtia uchungu. Vitambaa vichafu vimefungwa ovyo mitini, vyekundu upande huu, vya bluu upande ule, vingine mpaka ndani ya vichaka, vina matope na utomvu.

"Jamani," alisema peke yake, "watu wazima hawa, wanaanika bila kufua?"

Akavifungua kimoja baada ya kingine, akavifuata mpaka kule porini vilikoishia, akarudi na mzigo kifuani. Akaloweka, akafikicha, akasuuza, vyekundu mbali na vya bluu visije vikachujiana rangi. Akavianika nyuma ya bwalo, ncha kwa ncha. Akavitazama, akajisikia mtu tena. Kisha akaenda kuoga na kubadilisha gauni lililolowa.

Akiwa huko bafuni, Kocha alipuliza filimbi uwanjani. Mchezo mkubwa wa siku: timu nyekundu ifuate vitambaa vyekundu, timu ya bluu ifuate vya bluu, na watakaofika kwanza kwenye sanduku la zawadi porini ndio washindi.

"Nyekundu kulia, bluu kushoto! Kitambaa cha kwanza kipo mbele kidogo tu!"

Watu na vitambi vyao wakatoka mbio. Mbele kidogo hapakuwa na kitu. Wakaamini kipo mbele kidogo tena, nao wakazidi kwenda.

Chakula cha mchana kilipoa mezani. Timu ya bluu ilirudi ikibishana, ikiongozwa na mhasibu mwenye kiatu kimoja. Timu nyekundu ilitokea kwenye shamba la mtu, ikakamatwa ikidhaniwa ni wezi wa mahindi, ikarudishwa kambini na mwenye shamba mwenyewe, fimbo mkononi. Hapo ndipo Kocha alipozunguka nyuma ya bwalo na kuikuta njia yake yote imeanikwa, inanukia sabuni.

Mama Dobi aliposikia kwamba vile vitambaa ndivyo vilivyokuwa alama za njia, alikimbilia hemani. Akafunga begi, akampigia binti yake.

"Mwanangu, njoo unichukue."

"Umeshika kijiko?"

"Zaidi ya kijiko."

"Nakuja, mama."

Kambi imenishinda, alijiambia, na ziwa lenyewe sijaligusa. Alikuwa bado ameinama juu ya begi wakati Msusi alipoingia, majani yamejaa nywelani, machozi yanamtoka.

"Unalia?" Mama Dobi aliuliza.

"Nalia nini! Nacheka tangu kule kwenye mahindi, mbavu zinauma. Toka, shoga, unaitwa mahakamani."

Nje walikuwa wamekaa wote duara. Kocha alisimama, akavuta kaptula juu.

"Nimelinda wafungwa wa kila aina, sijawahi kuona kosa lililopigwa sabuni. Hukumu: kuanzia sasa, marufuku kugusa nguo yoyote, hata leso ya kupengea. Na nguo zako tutafua sisi tuliopotea."

"Mkifua vibaya?" akauliza Mama Dobi kwa sauti ndogo.

"Utavumilia!" wakajibu wote, na kicheko kikawaangusha kwenye nyasi.

Msusi akamshika mkono, hao mpaka ziwani. Mama Dobi akabaki na shumizi, akaingia maji yakamfika kiunoni, akasimama kama mlingoti.

"Sijui kuogelea."

"Nani kasema uogelee? Lala. Wake za wakubwa wote wanalala kwenye beseni langu la saluni. Wewe ni nani usilale?"

Akamweka kichwa viganjani kama anavyowaweka wateja.

"Legeza shingo. Umekaza kama unapiga pasi. Haya, nipe umbea."

"Sina umbea."

"Basi nipe siri."

Mama Dobi alitazama mbingu.

"Hiki nakitaka tangu sijavunja ungo," alisema.

Shingo ikalegea, miguu ikapanda yenyewe. Maji yakamjaa masikioni, kelele zote zikazimika, na mgongo ulioinamia mashuka maisha yake yote ukanyooka bila kuombwa. Msusi aliondoa mkono mmoja, kisha wa pili. Mama Dobi hakujua. Alipojua alicheka, akanywa maji, akazama, akaibuka anakohoa.

"Tena!" alisema. "Nishike tena!"

Binti yake alipofika, alisimama ukingoni na ufunguo wa gari mkononi.

"Mama! Nimekuja."

"Nani kakuita?"

"Si wewe!"

"Rudi nyumbani, mwanangu, kalishe kuku. Njoo kambi ikivunjwa."

Gauni la mama mtu lilikuwa limetupwa matopeni, mkono mmoja umegeuka ndani nje. Binti akainama kuliokota.

"Acha gauni hilo!" sauti ikapaa kutoka majini. "Lina wenyewe wa kulifua!"