Wiki Moja Bila Makasri

Mama alikuwa ameanza kushuka ngazi kwa ubavu, kama kaa, na mimi sikuliona hilo mpaka nilipokuwa nimeshapanga makasri kumi na moja.

Mama yangu anaishi Pearland na anafanya kazi hospitalini Houston: kugeuza wagonjwa, kuwaosha, kuwainua. Mimi ninaishi Arlington, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari kama barabara ina huruma. Tangu tutoke Mombasa, likizo zake zote zimekuwa za kurudi nyumbani kuzika au kuoza. Mwaka huu alipata wiki moja isiyo na maiti wala bibi harusi, na nikaapa kwamba katika wiki hiyo hatainua kitu kizito kuliko kikombe.

Nilichagua bonde la mto Loire, Ufaransa, kwa sababu ya kalenda. Nilipokuwa mdogo duka la dawa lilitupa kalenda yenye picha ya mto mpana na kasri jeupe ukingoni. Mwaka ulipokwisha mama alikata tarehe, akaibakiza picha jikoni, juu ya sufuria za wali. Hakusema kwa nini. Mimi nikajijazia sababu mwenyewe.

Kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, ndiyo maana siamini kamwe kwamba nakijua. Kifaransa nilijifunza kwa simu, na bado naota nimesimama mbele ya mhudumu nikiomba taulo kwa jinsia isiyo yake, maana kwa Kifaransa kila kitu ni ama cha kike ama cha kiume. Kupanga jedwali kwenye kompyuta nilijifunza kwa video. Safari ya mama ilikuwa na jedwali lenye rangi sita, na kila saa ilikuwa na mbadala wake iwapo mvua itanyesha.

Kisha mama akaja kunitembelea Arlington. Nyumba yangu iko ghorofa ya pili. Nilimkuta ameketi katikati ya ngazi, amejiinamia.

"Mama, vipi?"

"Nafunga kiatu."

Alikuwa amevaa kandambili.

Kumbe ni goti. Daktari alisema litapasuliwa baada ya safari hiyo, na kabla ya hapo ngazi ziwe chache. Nikarudi kwenye makasri yangu na kuhesabu ngazi zake. Makasri yale yalijengwa na watu waliochukia magoti. Ngazi za kuzunguka, nyembamba, za mawe, hazina pa kushika. Nikayafuta yote kumi na moja, nikalia kidogo kwa ajili ya zile rangi, nikaanza upya: nini kingine kinafanyika kwenye bonde hilo usipoingia kasri hata moja?

Majibu ya kwanza yote yalikuwa mvinyo. Kuonja mvinyo, kulala kwenye shamba la mvinyo, kupanda baiskeli kutoka mvinyo mmoja hadi mwingine. Sisi hatunywi. Baiskeli mama hajawahi kupanda, na hili goti si la kuanzia. Ukitoa makasri, ukitoa mvinyo, ukitoa baiskeli, inabaki uyoga. Sitanii. Kuna mapango ambamo wanalima uyoga, nawe unalipa kuingia kuutazama.

Nilichimba mtandaoni wiki tatu, kila siku baada ya kazi. Nikapata mashua bapa za mbao zinazoteremka na mto polepole, abiria ameketi tu. Nikapata nyumba zilizochongwa ndani ya jabali, zina mapazia na paka madirishani. Nikapata soko la asubuhi lenye jibini la mbuzi lililoviringishwa kwenye majivu, mapeari yanayokaushwa kwenye tanuri hadi yanakuwa bapa, bustani ya mboga iliyopangwa kama zulia, na kijiji ambacho wanasuka vikapu kwa fito za mti zilizoloweshwa. Kila sehemu niliuliza kwa barua pepe: kuna ngazi ngapi? Kiti kina mgongo? Bustani ilinijibu kwa upole, lakini niliona wamechoka nami.

Jedwali jipya nilichapisha, nikalitia kwenye plastiki, nikaendesha gari hadi Pearland Jumamosi moja nikiwa nimejaa fahari kupita kiasi.

Meza ya kulia ya mama haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na vifurushi.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya watu," alisema mama, akiendelea kukunja dera.

"Watu gani?"

"Si nilisema kule kwenye kikao chetu cha kina mama cha Ijumaa kwamba nakwenda Ufaransa."

Nikaketi. Yeyote aliyelelewa na watu wa pwani anajua nilichokisikia. Ukisema unasafiri, umeshakuwa posta. Rafiki ya mama wa Sugar Land, Mzanzibari ninayemwita khala kama dada wa mama, ana ndugu wa upande wa Ngazija, visiwani Komoro, anayeishi Tours, mji uliomo katikati kabisa ya jedwali langu. Mkongomani anayefanya kazi na mama ana mjomba Angers. Jirani ana binti anayesoma Orléans. Haluwa, achari, soksi za kubana miguu, mafuta ya kuchua, madera manne, na kitu ndani ya magazeti kilichonuka papa mkavu.

"Na havitumwi kwa posta kwa sababu gani?"

"Mtu nakwenda hukohuko, nitie posta? Watanionaje?"

Hapo ndipo khala alipoingia bila kubisha, ameshika mfuko mwingine.

"Shoga, nimesahau ubani," alimwambia mama. Akaniona. "Eh, mpangaji wetu! Hebu nione hiyo menyu."

"Si menyu, khala. Ni ratiba."

Akaisoma kwa sauti. "Saa nne, uyoga. Saa nane, kupumzika. Saa tisa na robo, mashua." Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, unampeleka mama'ko Ulaya kwenda kuangalia uyoga?"

"Makasri yana ngazi!"

"Nani kataja makasri? Mama'ko amekaa miaka ishirini jirani na ngome ya Mombasa, hajaingia hata siku moja."

"Tulikuwa tunapita tukienda kununua samaki," mama alisema.

Walicheka, na mimi nikalipuka. Niliwaambia kwamba nimeandika barua pepe arobaini. Kwamba kila kifurushi si kifurushi, ni nyumba ya kwenda, kuketi, kula, kuulizwa habari za watu wote walio hai na waliokufa, kukatazwa kuondoka. Kwamba nyumba tatu ni siku tatu, na siku ziko saba, na goti ni moja. Sauti yangu ilipanda hadi ikaniaibisha. "Nataka upumzike, mama! Mara moja tu! Kwa nini hutaki kupumzika?"

Khala akajishughulisha na ubani. Mama aliweka dera chini, akachukua ratiba, akaisoma mwenyewe toka juu hadi chini.

"Hapa saa nane umeandika kupumzika," alisema. "Hotelini?"

"Ndiyo."

"Hotelini nitatandika kitanda. Unanijua. Nitafuta na sinki. Wale wanaosafisha ni wenzangu, nitalalaje nikiwatazama?" Akapitisha kidole kwenye plastiki. "Lakini nikienda kwa mtu na mkono wangu si mtupu, mimi ni mgeni. Mgeni hainuki. Anatiliwa chai, anawekewa mto. Mimi mara ya mwisho kuwekewa mto, mwanangu, sikumbuki."

Sikuwa na safu ya hilo kwenye jedwali langu. Bado nilikasirika, nisidanganye. Nilikasirika zaidi, kwa sababu alisema kweli na hakuwa ameniambia kabla ya barua pepe arobaini.

"Hii ya vikapu," akaendelea, "wanasuka wamekaa?"

"Wamekaa."

"Iache. Na mashua iache. Uyoga toa."

Nilitoa uyoga. Nilikataa papa, na khala akasema nimekuwa Mzungu, na papa akarudi jikoni kwa mama kusubiri mtu mwingine wa kusafiri. Nilipanga nyumba tatu badala ya mapango, bustani na nyumba za jabali. Jioni ile ile, nikiwa bado Pearland, nikampigia ndugu wa khala wa Tours. Baada ya salamu zilizochukua nusu saa nikauliza swali langu pekee.

"Samahani, mama, hapo kwako kuna ngazi?"

"Ghorofa ya nne," alisema kwa furaha. "Lifti mbovu tangu mfungo."

Niliweka simu mezani, kati ya achari na soksi, nikalaza kichwa kando yake. Mama akainyanyua. Nilimsikia akicheka, akieleza goti, ambalo mimi mwanawe alinificha miezi, kwa mtu asiyemjua, kwa dakika moja.

"Anasema atashuka yeye," aliniambia. "Atateremsha chai na mkeka, tukae ukingoni mwa mto. Ni mbele ya nyumba tu."

"Mkeka hapana. Kunyanyuka chini utaweza?"

Mama akamwambia yule wa Tours, akasikiliza jibu. "Anasema basi kiti."

"Kina mgongo?"

Mama akairudia simu.

"Dada," alimwambia yule mtu wa Tours, "nisamehe. Mwanangu anaomba picha ya kiti."