Mwenye Kiatu Ashuke Mwenyewe

Tuanze na lifti, maana ndiyo chanzo cha yote. Lifti ya jengo lile la ghorofa tatu ilikufa miaka minne iliyopita. Haikufa ghafla. Ilianza kwa kukohoa, siku moja ikamfungia karani ndani tangu asubuhi hadi saa nane, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Wakabandika karatasi mlangoni: INATENGENEZWA. Karatasi ikafifia kwa jua, wakabandika nyingine. Hayo ndiyo matengenezo pekee niliyowahi kuyaona, na mimi nauza bahasha hatua chache tu kutoka hapo.

Chini, kibarazani, kushoto kwa mlango mkubwa, huketi fundi viatu tunayemwita Gundi. Wageni hudhani jina limetokana na lile kopo lililo miguuni pake. Sisi tunaomjua tunasema ni kwa sababu akishakaa kwenye neno lake, hakuna wa kumbandua. Miguu yake ilipooza akiwa mtoto, anatembea kwa magongo, na ngazi kwake ni sawa na ukuta.

Kibali cha kukaa pale huhuishwa kila mwaka. Zamani alimtuma binti yake na fomu, mambo yakaisha. Mwaka huu likaja tangazo: kila mwenye kibali afike mwenyewe, aweke dole gumba mbele ya ofisa wa vibali. Na ofisa huyo anakaa ghorofa ya tatu. Mwisho Ijumaa. Asiyefika, nafasi yake apewe mwingine. Na huyo mwingine hakuwa wa kufikirika. Kuna jamaa wa kuuza makava ya simu alishakuja mara mbili kukipima kibaraza kwa hatua, huku Gundi ameketi palepale, kana kwamba ni jiwe litakaloondolewa.

Mkewe alipomletea chakula Jumatatu alimwambia kwa upole, "Baba watoto, si ubebwe tu? Ni mara moja, mambo yaishe."

"Nilishabebwa."

"Ndiyo, lakini safari hii..."

"Nimesema nilishabebwa, mama. Inatosha."

Mama yule alikuwa anajua anachokisema mumewe. Mwaka juzi Gundi alikuwa na shida nyingine huko juu, walinzi wawili wakampandisha mgongoni kwa zamu. Njia nzima watu walibana ukutani wakicheka. Kufika, ofisa ametoka kwenda kunywa chai. Walinzi wakamweka chini kwenye korido, wakarudi kazini. Alikaa pale mpaka ofisi zinafungwa. "Walinivuka kama ndoo ya deki," alinieleza. "Mmoja hata alisema samahani, nikashangaa, kumbe anaongea na simu."

Kwa hiyo Jumanne alimtuma tarishi wa ghorofa ya tatu, dada mmoja mcheshi mwenye viatu vyepesi vya kupandia ngazi. "Mwambie bosi wako mimi nipo hapa chini siku nzima. Ashuke na kiboksi cha wino, dole langu halijaenda popote."

Jibu lilirudi mchana. "Anasema utaratibu haushuki ngazi."

Gundi alicheka kidogo, akaendelea kupaka uzi nta.

Ikafika Ijumaa. Saa tatu na nusu tarishi akatokea na jozi ya viatu vyeusi, amevifunga kwenye gazeti. "Baba, cha kulia kimeachama. Bosi ana kikao na wakubwa wake saa tano. Saa hizi yuko kwenye kandambili, mguu juu ya mguu chini ya meza, hataki mtu amwone."

Gundi alivipokea. Na nisimsingizie, alivishona vizuri kuliko viatu vyovyote nilivyomwona akishona. Akapiga msumari, akasugua, akang'arisha hadi ungejitazama. Tarishi akanyoosha mkono.

"Bado," akasema Gundi. "Mwenyewe aje avae, atembee hatua kumi nione."

Hiyo haikuwa hila ya siku ile. Zamani msumari wake ulimtoboa kisigino mwalimu mmoja mzee, na tangu hapo kiatu hakitoki mkononi mwake mpaka mguu wenyewe ukijaribu. Mimi nimetembea hizo hatua kumi, na wewe ungetembea. Ni wakubwa wa ghorofani tu waliokuwa wakisamehewa, kwa kuwa ni wakubwa. Siku hiyo msamaha uliisha.

Mlinzi akasogea. "Mzee, usitutafutie maneno. Ntavichukua."

"Chukua, kijana wangu. Msumari ukimchoma mbele ya wakubwa, utamweleza kuwa ni wewe uliyemjaribia."

Mlinzi akakumbuka ana kazi getini.

Saa tano kasorobo ofisa akashuka. Suti, tai, kandambili za bluu. Watu tulitazama pembeni kwa heshima, lakini si sana.

"Mzee, unanifanyia mchezo?"

"Hapana, bosi. Ni utaratibu."

Akavaa kwa hasira, akatembea hatua zake kumi. Uso ukalegea, viatu vilikaa. Akageuka kwenda.

"Bosi," akasema Gundi, sauti ileile ya chini. "Tangazo linasema nifike mbele yako. Nipo mbele yako. Ghorofa halikutaja. Nimesomewa mara tatu."

"Fomu huwekwa dole ofisini. Wino uko juu."

"Uko hapa, bosi," akasema tarishi, akakitoa kiboksi mfukoni mwa koti lake, na mhuri pia. Uso mkavu kabisa.

Ofisa alitazama saa, akatutazama sisi, akaketi kwenye kigoda cha wateja, magoti yakamfika kidevuni. Dole likawekwa. Mhuri ukapigwa. Alipotaka kuinuka akasikia, "Na mimi, mwanangu?" Bibi mwenye fimbo. Nyuma yake dada mwenye mimba kubwa, na mzee mwenye pumu. Wote na fomu. Gundi alikuwa amewaita tangu viatu vilipofika.

Alichelewa kikao kwa robo saa. Aliwaambia nini wakubwa zake, sijui.

Jumatatu juu ya kichwa cha Gundi palibandikwa onyo: mafundi wasizuie mali za watumishi. Aliomba asomewe, akauliza limepigwa mhuri na nani. Halikuwa na mhuri. Akaendelea na kazi.

Mchana tarishi akashuka na viatu vingine, vya kahawia.

"Vya nani?"

"Mkubwa wa ghorofa ya pili."

"Anashughulika na nini huyo?"

"Maji."

Gundi akavigeuza, akazitazama soli, akaniita. "Mwenye bahasha, hebu mkimbilie yule mama wa pale kona. Mwezi wa pili huu bomba lake halitoi hata tone. Mwambie aje akae hapa." Kisha akamgeukia tarishi. "Na wewe mwanangu, panda kamwambie mwenye kiatu ashuke."