Vijiko Vitatu na Treni Mbili

Kwa miezi minne tulikula tukiwa tumepakata sahani, kwa sababu meza yetu ilikuwa reli. Mgeni akija nilimwambia meza ina kazi. Hakuna aliyeuliza kazi gani. Katika nyumba za reli za Kisumu kila familia ilikuwa na mambo yake, na adabu ilikuwa kutazama pembeni.

Lawama ni zangu, maana mimi ndiye niliyeleta kitu kile nyumbani. Nilikuwa fundi wa nguo, cherehani yangu ikikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mhindi, na familia yake ilikuwa inahamia Kanada, wakigawa vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku. Mke wake akanipa boksi. Ndani kulikuwa na vichwa viwili vya treni, kila kimoja kama kiganja, mabehewa tisa, vipande vya reli na transfoma ya umeme. Alidhani nina watoto wadogo. Wangu wawili walikuwa shule ya bweni na walishanipita urefu. Nilipokea kwa sababu cha bure hakikataliwi, nikapanga kukiuza sokoni Kibuye Jumapili.

Mume wangu alifungua boksi lile na siku hiyo hakula.

Yeye alifanya kazi yadi ya Kisumu, ya kuvuta wenzo ili treni iingie njia hii na si ile. Alitaka kuwa stesheni masta. Mtihani ulifanyiwa Nairobi, mbele ya meza kubwa ya treni za mfano, mtahini amekaa na kalamu akikutazama ukiendesha treni kadhaa kwa pamoja bila kuzigonganisha. Alikuwa ameenda mara mbili na kurudi mara mbili. Hawakukwambia ulikosea wapi, walikwambia tu urudi nyumbani. Mara ya tatu ndiyo ingekuwa ya mwisho. Alisema huwa anachanganyikiwa, nami sikuchimba zaidi.

Jioni ile aliweka treni mbili mezani, akafungua umeme, zikaondoka zote. Akazima, zikasimama zote. Zilikuwa kama ng'ombe wawili kwenye kamba moja. Alizitazama kwa muda, kisha akaenda kuazima msumeno wa chuma. Akaikata reli sehemu tatu, kila sehemu akaifungia swichi ya taa ya ukutani, waya zikapita chini ya meza yangu ya mninga kwa misumari ambayo sikuulizwa. Sasa treni iliyoingia sehemu yako haikutembea bila swichi yako. Kilichobaki kilikuwa watu wa kushika swichi.

Watu tulikuwa mimi na mama yake, aliyekuja kutoka Awasi kutibiwa mguu na hakuwa na haraka ya kurudi. Mume wangu akawa kituo cha Kisumu, na pia mkubwa wa njia nzima. Mama akapewa Kibigori, pamoja na njia ya pembeni ya kuegesha treni. Mimi nikawa Muhoroni. Kwa kuwa reli ilizunguka kama yai, ukitoka Muhoroni ulifika Kisumu moja kwa moja, jambo ambalo Mungu hakulipanga, lakini tulilizoea.

Sheria ilikuwa ya reli yenyewe: treni haiingii sehemu ya njia bila kibali cha sehemu hiyo, na kibali ni kimoja tu. Kule kazini kilikuwa kipande cha chuma. Kwetu kilikuwa kijiko cha chai. Nyumba ilikuwa na vijiko vitatu na vyote vitatu vikaajiriwa. Mtu akitaka sukari kwenye chai treni zikiwa njiani, aliikoroga kwa mpini wa uma.

Treni ya kwanza ilikuwa ya abiria, ya pili ya sukari. Ya kwanza ikifika kituoni, mume wangu alitakiwa kutazama behewa la mwisho, ambalo alikuwa amelibandika njiti ya kiberiti, kichwa chekundu kikiwa ndiyo taa ya mkia. Akishaiona taa, anasema, "Imefika nzima." Hapo ndipo kijiko kinarudi nyuma kwa treni inayofuata.

Mama alikuwa na sheria zake. Siku ya tatu aliizuia treni ya sukari iliyokuwa na kijiko halali.

"Mama, hiyo iko na ruhusa," mume wangu akasema.

"Sukari iko na haraka gani? Haina mtoto mgonjwa. Watu wapite kwanza."

"Mama, hapa tunafuata oda."

"Hata hiyo nimetoa ni oda."

Sukari ikangoja. Ilingoja karibu kila siku mpaka mwisho.

Wiki ya pili niliona kosa lake. Vishikizo vya mabehewa vilikuwa vimelegea, na kwenye kona iliyo mbele yangu behewa la mwisho liliachia mara kwa mara, likabaki njiani peke yake na njiti yake. Mume wangu hakuliona. Alikuwa anatazama kichwa cha treni. Kichwa kikiingia Muhoroni tu, akili yake ilikuwa imesharuka kwa treni nyingine, mdomo ukisema, "Imefika nzima," mkono ukidai kijiko. Nilijua hapohapo kwamba hilo ndilo lililomrudisha kutoka Nairobi mara zote mbili.

Sikumwambia. Nilinyoosha kidole kimoja nikalisukuma behewa hadi kituoni.

Nitasema sababu. Stesheni masta mpya hakubaki Kisumu. Alipelekwa kituo kidogo huko juu, penye tangi la maji, miwa pande zote na nyumba tatu. Mimi nilikuwa na wateja, wanawake wa mjini walioleta vitambaa vya Idi na vya harusi, na akina mama wa kanisani waliotaka sare zao kabla ya sikukuu. Nani angeshonewa kule, miwa? Mume wangu akirudi kwa mara ya tatu, angenuna mwezi mmoja na mimi ningebaki na veranda yangu. Nilimpenda na nilitaka ashindwe. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana, na hilo ndilo lililonitisha.

Kidole changu kikafanya kazi wiki sita. Treni hazikugongana hata mara moja. Mume wangu alianza kupiga mluzi akinyoa ndevu, na alinunua shati la kwendea Nairobi. Kila alipopiga mluzi mimi nilikosa hamu ya chai.

Mchana mmoja, yeye akiwa kazini, mama yake alikuwa amekaa na mguu wake juu ya kigoda, akiitazama meza.

"Nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu, "hiyo kidole yako imeandikwa kazi na reli gani?"

Nilijifanya natafuta uzi.

"Mimi naumwa mguu," akasema. "Macho iko sawa." Kisha akaomba maji, na hakulizungumza tena. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa mzunguko wa meza moja.

Jioni ile nilikalia mikono yangu. Treni ya abiria ilipita kona, behewa la mwisho likaachia. "Imefika nzima," mume wangu akasema, akachukua kijiko, akampa mama yake. Mama aliitazama njia, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu afike kutoka Awasi akairuhusu sukari bila maneno. Ilikuja kwa kasi. Ikaligonga behewa la abiria, vyote vikaanguka sakafuni pamoja na kijiko.

Mume wangu aliinama akaokota behewa, akaitazama njiti.

"Hii ilibaki," akasema.

"Hubaki kila siku," nikasema. "Mimi ndiye nilikuwa nasukuma na kidole."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Ulikuwa unanisaidia?"

Angeniuliza kitu kingine chochote ningeweza kudanganya. "Hapana," nikasema. "Sikutaka kwenda huko juu."

Nilitegemea makelele. Alikaa tu, behewa mkononi, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Niliona haya, na katikati ya haya hiyo bado sikutaka kwenda. Mwishowe akarudisha treni zote mbili kwenye reli, moja moja, akakaza vishikizo kwa koleo.

"Tuanze tena Kisumu," akasema. "Na mikono yako ikae juu ya meza niione."

Wiki zilizobaki aliitazama njiti tu. Alienda Nairobi na lile shati, akarudi na barua. Kituo kilikuwa juu ya Muhoroni, tangi na miwa kama nilivyosema. Alitangulia. Mimi nilimaliza sare za watu, nikafunga vitu, na baada ya miezi miwili nikapanda treni ya mizigo iliyokuwa na behewa moja la abiria, kichwa cha cherehani nimekipakata kama nilivyozoea kupakata sahani.

Tulifika alasiri. Alikuwa amesimama jukwaani na kofia mpya. Nilishuka mbele yake kabisa, chuma kile kikinivunja mikono. Hakunitazama. Macho yake yalinipita, yakafuata behewa baada ya behewa, mpaka la mwisho, mpaka kwenye taa nyekundu iliyoning'inia nyuma yake. Kisha akageuka akaingia ofisini, nikamsikia akiambia simu, "Imefika nzima."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nikayameza, kwa sababu niliyemfundisha kutazama mkia kwanza nilikuwa mimi. Akatoka, akanipokea cherehani, akaniuliza kama nimekula.