Mwenye Pesa Aje Mwenyewe

Madalali wenzake walimwita Bibi Kagua. Alikuwa analijua jina hilo, na halikumuudhi hata kidogo. Aliwaona wenzake kuwa watu wa kufungua milango ovyo. Mtu akipiga simu tu na kusema ana nia ya kununua, wanamkimbilia na funguo, wanamzungusha nyumba nzima mpaka chooni, kisha mtu huyo anashukuru, anaondoka, na hasikiki tena. Bibi Kagua hakuwa na muda wa watembezi. Kwake, kabla hujaona hata rangi ya geti, ulete barua ya benki na taarifa ya akaunti, ukae kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza yake, uulizwe swali moja: hizi pesa umezitoa wapi?

Swali hilo liliwafukuza wengi. Kuna bwana mmoja aliyekuja na suti na viatu vya kung'aa, barua yake ya benki ikiwa na muhuri wa kupendeza mno. Bibi Kagua alilowesha kidole kwa mate, akausugua ule muhuri, na wino ukamfuata kidoleni. Alimrudishia barua yake kwa tabasamu, na bwana akaondoka bila kuaga. Kuna wachumba wawili waliokuja kwa bashasha, kumbe walitaka tu kupiga picha kwenye sebule ya mtu wakawaoneshe marafiki zao. Nao aliwatambua kabla hawajakaa vizuri. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu. Mtu akishuku, akapatia, akashuku tena, akapatia tena, mwisho huona kwamba kushuku ndiyo akili yenyewe.

Wauza nyumba walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja wao alikuwa muuguzi mstaafu aliyehamia kwa binti yake na kuacha nyumba ndogo ya vyumba viwili mwisho wa kichochoro, yenye ua wa saruji na mfereji nje. Hakutaka kuiuzia nyumba yake mtu wa hovyo. Hakuelewa barua za benki wala hakutaka kuzielewa. Kila Bibi Kagua alipompata mteja, yule mama aliuliza jambo moja tu kwenye simu: "Mwanangu, ni mtu wa kuaminika?" Mpaka wakati huo Bibi Kagua alikuwa hajamwambia ndiyo hata mara moja. Hakuwa mtu wa kumdhamini mtu kwa mdomo wake.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mume wake alikuwa fundi wa friji, mrefu, mpole, mwenye mikono ya kunuka gesi na sabuni ya kufulia. Akirudi jioni, kabla hajavua viatu, alisimama kwenye meza ya kulia na kutoa kila kilichomo mifukoni: skrubu, vipande vya waya, risiti za vipuri, simu. Alivipanga vizuri, akaenda kuoga, na mke wake akavipitia kimoja kimoja. Hakuna aliyekumbuka utaratibu huo ulianzaje. Mtoto wao wa pekee, kabla hajaolewa, aliwahi kutania kwamba baba anaingia nyumbani kama abiria anayepanda ndege. Walicheka wote watatu. Fundi alicheka kidogo kuliko wenzake, lakini nani alikuwa anamtazama?

Siku moja asubuhi wifi yake alifika ofisini. Huyu alikuwa dada mkubwa wa fundi, mshonaji wa nguo, mwanamke wa maneno machache na pini mdomoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa.

"Wifi, leo nimekuja kama mteja," alisema. "Nataka kuiona ile nyumba ya muuguzi."

"Wewe? Na nyumba yako imefanya nini?"

"Kwani mtu hawezi kutaka nyumba ya pili?"

"Anaweza. Lete barua ya benki."

Wifi alicheka, akidhani ni utani. Alipomtazama usoni akaacha kucheka. "Na mimi unanikagua?"

"Hata mama yangu angefufuka leo, angekaa kwenye kiti hicho hicho."

Kumbe barua alikuwa nayo. Aliitoa kwenye mkoba, chini ya vipande vya vitambaa, akaiweka mezani kama mtu anayelipa faini. Bibi Kagua aliisoma, akairudia. Pesa zilitosha, na chenji ingebaki. Akalowesha kidole, akausugua muhuri. Muhuri ukagoma kutoka.

"Hizi pesa umezitoa wapi? Na usiniambie sindano, maana mimi nakujua."

Wifi alitazama dirishani. "Si zangu. Namtunzia mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kwetu. Basi wifi, hapo panatosha."

"Hapatoshi. Mimi simfungulii mlango mtu aliyetumwa. Mwenye pesa aje mwenyewe."

"Ukimwona hutafurahi."

"Sijaajiriwa kufurahi. Jumamosi asubuhi, na aje mwenyewe."

Wifi aliondoka, na Bibi Kagua akabaki na kalamu hewani. Mtu wa kwetu! Wazazi wao walishakufa. Ndugu wengine hawakuwa nao. Katika familia yao walibaki wawili tu, yeye mshonaji na mdogo wake. Na huyo mdogo wake ndiye aliyeondoka nyumbani asubuhi ile ile na sanduku la vifaa begani, akasema, "Baadaye, mama."

Vyumba viwili. Mwisho wa kichochoro, mahali ambapo hapiti mtu. Nani asiyejua nyumba kama ile mwanaume huinunua kwa sababu gani? Bibi Kagua aliwahi kuwafukuza wanaume wa namna hiyo kwenye kiti kile kile. Alikuwa akimpenda mume wake, tena sana, ila mapenzi yake yalikuwa ya mtu anayelala na funguo chini ya mto.

Jioni fundi alirudi, akavipanga vitu vyake mezani, akaenda kuoga. Bibi Kagua alivipitia. Vyote vilikuwa sawa, risiti zilikuwa sawa, simu ilikuwa sawa. Akanusa shati lililotundikwa: gesi na sabuni. Hakuna manukato, hakuna unywele. Alikasirika zaidi. Mtu asiye na doa hata moja, alijiambia, huyo ndiye aliyejipanga.

"Umeshindaje?" alimuuliza mezani.

"Salama. Nilikuwa na friji ya bucha. Imenisumbua kweli."

"Bucha ipi?"

Fundi alimtajia bucha, akamtajia na barabara, na duka lililo karibu nayo, bila kuulizwa. Bibi Kagua alitikisa kichwa taratibu. Kesho yake alipita pale. Bucha ilikuwepo, friji ilikuwepo, na muuza nyama alimsifu fundi mpaka akachoka kumsikiliza. Hilo nalo halikumtuliza. Kufika Ijumaa alikuwa ameshamwumba yule mwanamke kichwani, amempa umri, amempa sauti nyembamba, amemvisha na gauni, na analichukia gauni hilo kwa moyo wake wote. Aliamua kunyamaza. Angewangoja ndani ya ile nyumba, wawili wao, na wangeona cha mtema kuni.

Jumamosi alifika mapema. Alifungua madirisha kama kawaida yake, akawasha na kuzima taa, akafungulia bomba la jikoni. Kisha akasimama katikati ya sebule tupu, mkoba kifuani, maneno yake yote yakiwa tayari.

Wifi aliingia wa kwanza. Nyuma yake akaingia fundi, amevaa shati lililopigwa pasi. Bibi Kagua hakumtazama yeye. Alichungulia nyuma yake, kwenye ua, mpaka kichochoroni. Hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi?"

"Nani?" aliuliza fundi.

"Usinifanye mtoto mdogo. Huyo unayemnunulia nyumba!"

Wifi alisema, "Mimi nipo nje," akatoka.

"Hakuna mtu, mama," alisema fundi.

"Sasa nyumba ni ya nani?"

"Yangu."

Bibi Kagua alicheka, kicheko kikavu. Aliingia chumba cha kwanza, akaingia cha pili, kana kwamba huyo mwanamke angeweza kuwa amejificha kwenye vyumba visivyo na hata kiti. Aliporudi, fundi alikuwa amesimama pale pale.

"Pesa umezitoa wapi?"

"Kazi za Jumapili. Vyumba vya baridi vya wauza samaki. Nilikuwa nampa dada anitunzie."

"Ukanificha! Mimi mke wako!"

"Ningekuambia, ungeniuliza nimezitoa wapi."

"Kwani mke hana haki ya kuuliza?"

"Anayo. Uliuliza, nikakujibu. Ukauliza tena, nikakujibu. Nimejibu mpaka nimekwisha." Hakupaza sauti. "Unajua siku gani nilikata shauri? Niliokota skrubu njiani, nzuri tu, mpya. Nikaitupa. Halafu nikasimama, nikajiuliza, kwa nini nimeitupa? Kwa sababu sikujua nitaielezaje mezani. Mtu mzima, naogopa skrubu."

Bibi Kagua alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa ya yule mwanamke mwenye sauti nyembamba, na mwanamke huyo hakuwepo.

"Nataka mlango ambao nikiingia, nimeingia tu," alisema fundi.

"Kwa hiyo unaniacha."

"Ndiyo," alisema, kwa upole ule ule anaotumia kumwambia mteja kwamba friji yake haitengenezeki tena.

Bibi Kagua alikuwa amemshuku kwa wanawake, kwa kamari, kwa pombe, kwa marafiki wabaya. Kumshuku kwamba amechoka, hilo halikumpitia akilini hata siku moja. Alitaka kukaa chini, lakini sebule haikuwa na pa kukaa.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi. Sauti yake ilikuwa kubwa, kama ya wazee wengi kwenye simu, na ilisikika sebule nzima.

"Mwanangu, yule mnunuzi amekuja?"

"Amekuja, mama."

"Eeh. Sasa niambie mwenyewe. Mimi nakutegemea wewe tu. Ni mtu wa kuaminika?"

Neno moja lilitosha. Angesema hapana, nyumba isingeuzwa, na yule mama asingeuliza kwa nini. Jioni fundi angerudi, maana angekwenda wapi, na angesimama tena kwenye meza ya kulia. Bibi Kagua alimtazama. Fundi hakumsihi wala hakumkodolea macho. Alikuwa amegeukia dirisha, na mikono yake, bila yeye kujua, ilikuwa inatoa vitu mifukoni na kuvipanga kwenye kizingiti: kipande cha waya, risiti, simu. Kisha akaiona mikono yake inavyofanya. Akasita. Akaanza kuvirudisha mfukoni kimoja kimoja, akiona haya.

Bibi Kagua aliendelea kuitazama mikono ile.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama. Huyu nimemkagua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumkagua. Nimemkagua kila siku. Sijamkuta na kosa hata moja. Ni mtu wa kuaminika."

"Basi mpe aiangalie vizuri," alisema muuguzi, na simu ikakatika.

Fundi hakugeuka haraka. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi mwenyewe hujawahi kuniambia hivyo," alisema.

Bibi Kagua aliweka funguo kwenye kizingiti cha dirisha, zote, pamoja na ule wa akiba ambao kwa kawaida hubaki nao mkobani. Akatoka nje alikokuwa wifi yake, akakaa pembeni yake kwenye saruji, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo alimwacha mnunuzi aizunguke nyumba peke yake.