Maji Niliyamwaga Mimi, Fundi Hana Kosa

Habari zenu nyote wa ukurasa huu. Admin, naomba unifichie jina, ingawa nina miaka thelathini na minne, ni mwanamke, na ni rubani wa ndege ya kuzima moto huku Kolwezi, kwa hiyo wanaonijua watanitambua kabla hawajafika nusu ya kisa. Wanitambue tu. Sijaiba cha mtu.

Kwa msioijua kazi hii: kiangazi nyasi zikikauka, watu huku huchoma pori. Wengine wanafungua mashamba, wengine wanawinda panya wa porini, na upepo ukigeuka moto unakwenda unakotaka. Kampuni ninayofanyia kazi ina ndege ndogo ya kiti kimoja, zamani ilikuwa ya kupulizia dawa mashamba. Tunajaza maji tumboni, napaa, navuta mkono wa chuma, mlango wa chini unafunguka na maji yote yanashuka kwa mara moja. Anayeitunza ni fundi wetu, nitamwita tata Ilunga, tata kwetu ni baba. Ndiye aliyenipokea wakati wanaume wananicheka kwamba nitaomba kioo cha kujipodoa humo ndani. Miaka sita naruka kwa kazi ya mikono yake na ndege haijawahi kunisumbua.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, upande wa barabara ya Mutshatsha. Moto ulikuwa unaelekea depo ya mteja wetu, yenye mabomba ya plastiki, mbao na mahema. Walinzi walikuwa wameshaondolewa tangu asubuhi. Nilikuwa na maji ya kumwaga mara moja tu, na mafuta ya kunirudisha uwanjani, basi. Wakati nazunguka kutafuta pa kuingilia, nikaona moshi mweupe, mwembamba, unatoka ardhini sehemu mbili. Aliyekulia huku haulizi: ni matanuru ya makaa, miti iliyofukiwa udongo inaungua polepole. Na palipo na tanuru pana watu, maana haliachwi. Udongo ukipasuka bila mtu wa kuziba, kazi ya wiki nyingi inakuwa majivu.

Nikashuka chini kuwaonya. Niliwaona wanawake wanne, watoto na mzee mmoja. Nikatikisa mabawa nikiwaelekeza barabarani, kulikokuwa wazi. Jamani, wakakimbilia kwenye miti kujificha, upande uleule moto unakotoka! Nilipiga kelele peke yangu humo ndani kama chizi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kwao ndege ikishuka chini ni walinzi wamekuja kuwafukuza kwa kuchoma makaa. Mimi niliyekwenda kuwaokoa ndiye niliyewasukuma motoni. Kosa hilo ni langu na silikatai.

Nikamwambia mkubwa wetu kwenye redio kwamba kuna watu. Akajibu, "Mule mu pori hamuna bantu. Mwaga maji pa depo!"

"Chef, mi niko nabaona na macho yangu."

"Bale haiko bantu yetu. Pa depo, ni ordre!"

Baada ya amri hiyo nikazima redio. Sikupitiwa, niliizima kwa mkono wangu. Nikaingia kwenye moshi chini kabisa, joto linaitupa ndege huku na huku, sioni miti wala ardhi, naomba Mungu na kutukana kwa pumzi moja. Nilipouona moto mwekundu chini ya bawa nikavuta. Maji yakashuka kati ya moto na ile miti, nami nikageuza bila kujua kama nimefika kwa wakati. Injini ilizimika nikiwa nimeshatua, bado niko kwenye njia ya uwanja, mafuta yameisha.

Asubuhi yake tata Ilunga alinipakia kwenye pikipiki tukaenda kuangalia. Wote walikuwa hai. Mama mmoja alikuwa ameungua mkono, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Weye njo mama wa ndeke? Shiye tulizani banakuya kutufukuza." Nikalia. Yeye akacheka, "Usilie, tanuru moja ilipona."

Depo ikaungua yote. Mkubwa akaniletea karatasi inayosema mlango wa maji ulifunguka wenyewe kwa sababu fundi hakuukagua. Kwake afadhali mteja asikie chombo kimeharibika kuliko kusikia rubani amekaidi. "Signe, wiki ingine unaruka. Ukikatala, licence yako utaiona mu picha." Mama yangu naye ananisihi nisaini, eti maji yakimwagika hayazoleki. Nikamjibu haya hayakumwagika, niliyamwaga, na kesho nikikuta watu pale nitayamwaga tena.

Jana nikaitwa mara ya pili. Karatasi ni ileile, ila safari hii chini yake kuna saini ya tata Ilunga. Amekubali kosa ambalo hakulifanya! Nikamfuata karakana mbiombio.

"Mutoto yangu," akasema bila kuniangalia, "mi nabakisha miaka mbili nipumuzike. Weye uko na miaka mingi ya kuruka. Acha tu."

"Tata, mi siwezi kuruka juu ya jina yako!" Nilimfokea, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Akaendelea kufuta bisibisi zake.

Sasa ndugu zangu, nimekwama hapa. Nikisema ukweli, watasema mzee ametia saini uongo, watamfukuza naye, tukose wote wawili. Nikinyamaza, anaondoka kazini akiitwa mzembe aliyeunguza depo, mtu ambaye nimeona akikagua mlango ule mara tatu kila alfajiri. Kusaini sisaini, hilo msijisumbue kunishauri, na wale wa "omba radhi yaishe" wapite kimya kimya. Ninachowauliza, hasa nyinyi mliowahi kusimama mbele ya wakubwa, ni namna ya kumtoa mzee aliyejitumbukiza mwenyewe kwa ajili yangu. Kesho saa tatu asubuhi naingia ofisini, wanangoja saini yangu, na kalamu sibebi. Nishaurini, nikifungua mdomo nianze na lipi?