Fundi anayezipatanisha kompyuta za leo na mashine za juzi

Saa mbili na robo asubuhi, kinachoonekana ni miguu tu. Mama Waya amejisukuma chini ya meza ya kukatia vitambaa, tochi mdomoni, anapapasa kebo nyeusi inayozunguka karakana ya sare za shule.

"Umelala huko?" anauliza mwenye karakana.

"Nikilala utanisikia nikikoroma," anajibu akiitoa tochi. "Usinizibie mwanga."

Fundi huyu wa kompyuta, mwenye miaka 47 na watoto watatu, anafanya kazi ambayo wenzake wengi huikimbia: kuzifanya kompyuta mpya zizungumze na mitambo iliyosahaulika.

Leo mgonjwa wake ni mashine ya kudarizi ya miaka 31. Inashona nembo sita kwa mpigo na haijui kuchoka, ila hupokea michoro kwa itifaki moja tu, yaani lugha ya mawasiliano ambayo kompyuta za sasa zimeiacha. Kompyuta pekee iliyoijua ilikufa mwezi uliopita.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anaijia mashine kesho. Ikiondoka, wadarizi wanne wanaondoka nayo.

"Kila fundi aliniambia ninunue mpya," anasema mwenye karakana. "Mpya ni mishahara yetu sote ya miaka mitatu! Wa mwisho nikamwambia haya, tangulia dukani, nakuja."

Mama Waya hakutaja duka. Alichukua kompyuta iliyotumika, akaiwekea mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Toleo jipya la mfumo huo nalo lilikuwa limeshaitupa lugha ile. Akaipata mtandaoni kwa watu wanaoihifadhi kwa mapenzi tu, akairudisha ndani ya mfumo, siku tatu akisoma mstari kwa mstari.

"Niliisoma chuoni nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu," anasema. "Mwalimu alisema haitanifaa kitu. Mwalimu naye ni binadamu."

Jana mchana kila kitu kilikuwa tayari. Lakini mashine ikakaa kimya kama mkwe ugenini.

Sasa anatoka chini ya meza, kilemba kimejaa vumbi. "Nani ametoa kizibo mwisho wa kebo hii?"

Kizibo chenyewe ni cha chuma, kidogo kama kastabani. Kwa macho hakina kazi. Lakini kikikosekana, ujumbe ukifika mwisho wa kebo hugonga na kurudi, ukavuruga unaoufuata.

Mdarizi mkongwe, ambaye wote humwita Shangazi, anainua kidole. "Mimi, mwanangu. Nilikuwa nasafisha. Nikaona kifuniko hakifuniki kitu, nikakiweka na vifungo."

"Shangazi! Tangu jana naitukana kompyuta ya watu bure?"

"Ungeniuliza. Nani mwingine anajua kila kitu kiliko humu?"



Mkebe wa vifungo unamwagwa mezani. Kizibo kinachomoza kati ya vifungo vya makoti. Mama Waya anakikaza, anaketi, anabonyeza. Taa ya kijani inapepesa. Sindano zinashuka zote sita kwa pamoja, na nembo yenye kitabu cha dhahabu inaanza kuota juu ya kitambaa cha bluu.

Shangazi anapiga kigelegele. Mwenye karakana yuko kwenye simu, kidole sikioni, anampigia kelele yule mnunuzi wa vyuma chakavu: "Kaka, usije! Hapana, hata ukiongeza. Mgonjwa ameamka, anaomba uzi!"

Hii ni mashine ya kumi na moja Mama Waya kuifufua. Nyingine mbili zinamsubiri, na hilo linamsumbua.

"Siwezi kuwa peke yangu. Mimi nilipewa bure na watu nisiowajua, nami nitatoa bure," anasema akifuta mikono. Mwaka huu anataka kuandika kila hatua kwa Kiswahili na kuiweka mtandaoni, fundi yeyote aisome.

Sentensi ya kwanza, anasema, ameipata leo: "Kabla hujafungua kompyuta, muulize anayefagia."